Mkaguzi Aliyeanzia Nyumba ya Mwisho

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mwenzetu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ubia wa Maendeleo ya Jamii anakabidhi funguo za kabati lake na kustaafu. Jina lake la kwenye faili limeandikwa juu ya ratiba mliyoshika, kwa hiyo sitalirudia. Mimi nitamwita kama wanavyomwita huko mitaani anakokagua: Bi Mwisho. Nimekaa naye chumba kimoja miaka mingi, meza yangu ikitazamana na yake, na kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa kwa sababu, kama alivyosema mkuu wa utumishi, mimi ndiye mwenye mdomo. Haya, mdomo huu hapa.

Kwa wageni wetu ambao hawajui kitengo hiki kinafanya nini zaidi ya kunywa chai, nieleze kidogo. Wakazi wa mtaa wakiungana, wakasajili ubia wao na kuahidi nguvu kazi na mchango, serikali inawaongezea ruzuku ili wajenge walichokubaliana: kisima, zahanati, karakana, soko. Ruzuku hutoka kwa awamu, na kila awamu ina fungu lake. Kabla awamu nyingine haijatoka, mkaguzi huenda kuona kama iliyotangulia imefanya kazi iliyoombewa. Akisema ndiyo, mambo yanakwenda. Akisema hapana, mtaa mzima unalala umenuna. Bi Mwisho amesema ndiyo na hapana kwa miaka yote hiyo, na hadi leo sijasikia mtu akisema alinunuliwa hata kwa soda.

Aliingia hapa kama karani wa hesabu, msichana mwembamba, mkoba wake mkubwa kuliko yeye. Wazee waliompokea wanasimulia kwamba wiki ya kwanza alikaa kimya kabisa wakadhani ni mpole. Wiki ya pili akarudisha hesabu za mkuu wake mwenyewe zikiwa zimezungushiwa wino mwekundu. Hapo ndipo walipojua kwamba upole haukuwemo kwenye ule mkoba. Baada ya muda akahamishiwa upande wa ukaguzi wa nje, na nadhani aliyemhamisha alitaka tu kupumua.

Sasa sikilizeni jinsi alivyokuwa anafanya kazi. Mkaguzi wa kawaida hufikia ofisi ya kamati. Pale ameandaliwa kiti chenye mto, maji baridi na mwenyekiti mwenye maneno matamu. Anazungushwa, anaonyeshwa, anasaini. Bi Mwisho hakuwahi kufikia ofisi ya kamati hata siku moja. Alikuwa anamwambia dereva apite mbali, wazunguke nyuma, washuke kwenye nyumba ya mwisho kabisa ambayo mradi ulisema utaifikia. Kama ni bomba la maji, anaanzia kwenye bomba la mwisho. Kama ni zahanati, anaanza na mgonjwa anayekaa mbali kuliko wote. Kutoka hapo anarudi kwa miguu, mlango kwa mlango, mpaka anaibukia kwa mwenyekiti kutokea mgongoni. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kuinua macho kwamba mwanzo wa mradi hujionyesha wenyewe, hauhitaji mkaguzi.

Wenyeviti walijaribu kumwahi. Mmoja aliweka mtu wake kwenye nyumba ya mwisho, amepiga suti, na maua mkononi. Bi Mwisho akamwamkia vizuri, akamuuliza choo kiko wapi. Masikini hakujua, maana haikuwa nyumba yake.

Na kwa kuwa tumetaja choo, ngoja nilimalize hilo mapema, maana najua wengi wenu mnalisubiri. Bi Mwisho haamini kitu mpaka akitumie. Benchi la zahanati atalikalia asubuhi nzima pamoja na wagonjwa. Maji atayanywa. Basi siku moja alikwenda kukagua vyoo vipya vya shule, akaingia, akafunga komeo ili ajue kama linafunga. Lilifunga. Likakataa kufunguka. Kamati nzima ikasimama nje, mwalimu mkuu anatokwa jasho, fundi ametumwa nyundo haji. Watu walitegemea kusikia kilio. Badala yake sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa, ikimwita mhasibu asogee karibu na mlango, kisha ikaanza kumhoji kuhusu mifuko ya saruji. Mahojiano yakaendelea mpaka fundi alipofika. Katika taarifa yake aliandika kwamba komeo linafanya kazi kupita kiasi.

Nyumbani nako, tunaambiwa, ukaguzi haulali. Mumewe, mwalimu wa hisabati ambaye yuko hapa leo na tai aliyochaguliwa, anasema kila akitengeneza kitu pale nyumbani hukaa chini kusubiri hukumu. Aliwahi kupachika rafu ya vitabu, akaiona nzuri, akaenda kuoga. Alipotoka akakuta mkewe ameweka gololi ya mtoto juu yake, na gololi inatembea yenyewe. Binti yao mkubwa ni muuguzi, mdogo wake anasomea ufundi wa umeme, na wote wawili wana tabia ileile ya kutikisa kiti kabla ya kukikalia. Shemeji, wanetu, tunawashukuru kwa kutuazima mama huyu. Tulimchelewesha sana kurudi nyumbani.

Lakini sikukubali kuandika wasifu huu kwa ajili ya komeo na gololi. Nimekubali kwa sababu kuna jambo moja nililiona kwa macho yangu, na tangu siku ile kila nikimtazama mwanamke huyu akinoa penseli pale mezani, moyo unanienda mbio kidogo. Mniwie radhi nikilieleza kwa urefu.

Kulikuwa na mtaa mmoja wa mlimani, nyumba zimepandiana juu ya mteremko, njia zake ni mawe na makorongo. Mafundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa ule waliungana na wazazi wenye watoto walemavu, wakasajili ubia wa karakana ya kutengeneza viti vya magurudumu. Mwenyekiti wao alikuwa fundi mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, tuliyemwita Baba Cheche. Awamu ya kwanza ilileta mashine na vyuma. Awamu ya pili ilikuwa ya paa, maana mafundi walikuwa wanafanya kazi juani na mvuani.

Kiti cha kwanza kilipokamilika kilipandishwa kwa bibi mmoja anayekaa juu kabisa. Bibi huyu alikuwa analea mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka tisa asiyeweza kusimama. Alikuwa anambeba mgongoni kumpeleka shule na kumrudisha, na mgongo wenyewe sasa ulikuwa umeanza kugoma. Kiti kilipokelewa kwa vigelegele. Baada ya wiki Baba Cheche akapanda kuangalia mtoto anaendeleaje, akakuta kiti kimeanikwa nguo. Kingeenda wapi? Kutoka mlangoni ilikuwa korongo, baada ya korongo mawe, baada ya mawe korongo jingine.

Ubia ukakaa kikao. Wakasema kiti bila njia ni pambo. Mafundi wakasema mvua wameizoea, paa lisubiri. Wakachukua fungu la paa, mtaa mzima ukatoka na makarai, wakamwaga njia ya zege kutoka kwa bibi mpaka barabarani, imepinda vizuri kufuata mteremko ili magurudumu yasikimbie. Nasema kweli, wahandisi wenye vyeti wamewahi kufanya vibaya zaidi.

Kumbe hakuna aliyewasomea kanuni. Baadaye mtu mmoja akawaambia kwamba kutumia fungu moja kwa kazi nyingine ni kosa linalofuta ubia. Na kwamba ujenzi wowote usio na kibali kwenye ardhi ya umma unavunjwa. Siku hiyohiyo wakapata habari kuwa mkaguzi anakuja.

Jamani, woga! Wangeweza kuja kutueleza. Wangeweza kuomba radhi. Wao wakafanya jambo ambalo sijapata kulisikia kwingine kokote: waliifukia njia. Mtaa uleule uliobeba zege ukabeba udongo, wakaimwagia yote juu mpaka chini, wakashindilia, na ili ifanane na ardhi ya kawaida wakapanda miche ya mboga katikati. Mpango wao ulikuwa wafukue mkaguzi akishaondoka. Mtu anaficha wizi, anaficha uchafu. Hawa walikuwa wanaficha kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kufanya.

Nilikuwa naye siku hiyo. Tulizunguka nyuma ya mlima, tukashukia kwa bibi, ndiyo nyumba ya mwisho. Bibi akatukaribisha maji, akatuhimiza tukae, tukae tu, wanangu, mbona mnasimama. Baba Cheche alikuwepo tayari, anahema, maana aliona gari letu likizunguka akapanda mbio. Bi Mwisho akashukuru kwa maji, akatoka nje, akatazama miche. Ilikuwa imenyauka yote. Akauliza ni nani aliyepanda mboga katikati ya njia ya watu. Akapiga hatua mbili, kisigino cha kiatu chake kikagonga kitu kigumu. Akagonga tena, makusudi.

“Baba,” akamwambia fundi, “hapa mmezika nini?”

“Hatujazika mtu, mama,” akasema Baba Cheche, na machozi yakaanza kumtoka. Kisha akamsihi, tena kwa sauti ya chini sana, afanye kama hakuona kitu. Afumbe macho tu mpaka afike barabarani. Mengine wangemaliza wenyewe.

Na ndugu zangu, ingekuwa rahisi! Taarifa ingesema karakana haina paa, wapewe muda. Njia ingefukuliwa kesho yake, mtoto angeenda shule, nasi tungerudi kwa chakula cha mchana. Bi Mwisho akamtazama yule mtoto aliyekuwa mlangoni kwenye kiti chake. Halafu akawaambia walete sepetu, wafukue yote, leo, sasa hivi, kwa sababu hawezi kukagua kitu kilichofukiwa.

Walifukua. Alichukua kiti cha mtoto akakisukuma mwenyewe mpaka barabarani na kurudi, na njiani mtoto akamlalamikia: “Shangazi, unasukuma kama unakimbizwa.” Akamwomba msamaha, akapunguza mwendo. Alipofika juu, anatweta, akawaonyesha kona moja ambayo maji yataikula chini mvua zikija, akawaambia wajengee ukingo. Baba Cheche akadhani wamesamehewa. Akaanza kucheka kile kicheko chake. Hapo ndipo Bi Mwisho alipomwambia kwamba ataandika yote mawili, kosa na njia. Njia haitafichwa na kosa halitafichwa.

Bibi alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Akasema, “Nimekukaribisha maji, nawe unaniletea tingatinga.”

Ilikuwa kweli. Kwa kuandika ukweli, Bi Mwisho alikuwa ameiweka njia ile mbele ya nyundo, na pamoja nayo mguu pekee aliokuwa nao yule mtoto. Tulipoondoka alimwamkia bibi shikamoo ya kuagana. Marahaba haikutoka. Alirudi mara mbili baadaye kukamilisha vipimo, na mara zote mbili aliamkia ukuta. Siku ile ya kwanza, kwenye gari, alisema tu kwamba kizuri kikizoea kufichwa kama kibaya, kibaya nacho kitajifunza kupita kama kizuri, na kisha atakuwa anakagua nini. Nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Sikuwahi kumwona hivyo kabla, wala sijamwona tena.

Pale ofisini wengi walimwona kichaa. Taarifa yake ilikuwa na mapendekezo mawili kutoka kwa wanasheria, yaliyoambatishwa kama kanuni inavyotaka: ubia ufutwe, ujenzi uvunjwe. Yeye akaongeza la tatu, kwamba mnufaika asikilizwe. Kikao cha Kamati ya Ruzuku kikapangwa katika ukumbi wa juu, kama ilivyokuwa desturi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkurugenzi wetu wa wakati ule, tuliyemwita kwa siri Mzee wa Kanuni, na kwa kuwa amekaa mstari wa mbele hapo leo, siri imekwisha. Mzee, shikamoo. Wakati ule tulikuogopa kuliko mvua ya mawe.

Siku ya kikao walikuja wote: Baba Cheche kavaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa gumu, bibi kajifunga kanga yake ya heshima, na mtoto kwenye kiti chake. Alishuka mlima kwa magurudumu yake, akapandishwa basi pamoja na kiti, akaja akisukumwa barabarani mpaka mlango wa ofisi yetu. Akafika kwenye ngazi. Jengo letu, mnalijua, ni ngazi tupu.

Mlinzi wetu, mtu mwema mwenye mabega mapana, akainama ambebe. Mtoto akakataa. “Mimi si gunia,” akasema. Mlinzi akarudi nyuma kama aliyeunguzwa. Bibi akambembeleza, Baba Cheche akambembeleza, mtoto akashikilia magurudumu yake kwa mikono miwili. Alibebwa miaka yote, akasema, na leo amekuja kusema habari za njia. Atasemaje habari za njia akiwa mgongoni kwa mtu?

Bi Mwisho alikuwa amesimama hapo anasikia. Hakumshurutisha. Akapanda ngazi peke yake, nami nyuma yake kwa sababu sikutaka kukosa, akasimama mlangoni mwa ukumbi mbele ya wale wakubwa wote. Akasema mnufaika amefika, yuko chini, na kanuni inadai asikilizwe ana kwa ana. Mwenyekiti akasema apandishwe. Bi Mwisho akajibu kwamba mtoto hataki kubebwa, na kwamba yeye kama mkaguzi hana mamlaka ya kumnyanyua raia asiyetaka kunyanyuliwa.

Weee! Mzee wa Kanuni akavuta kitabu chake kile kinene. Akafungua, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Kila mtu alijua anatafuta nini: ni wapi palipoandikwa kwamba kamati lazima ikae juu. Hakupaona. Akafunga kitabu. Akasimama, akanyanyua kiti chake mwenyewe, kile kizito cha mwenyekiti, akaanza kushuka nacho ngazi.

Ungebaki juu wewe? Wakurugenzi wasaidizi, mwanasheria, mhandisi, mwakilishi wa hazina, kila mmoja na kiti chake, wanagongana kwenye kona ya ngazi, wanaombana radhi. Kikao cha Kamati ya Ruzuku kikafanyika kwenye maegesho, jua kali, wapita njia wanachungulia kwenye lango.

Baba Cheche aliulizwa kwa nini walifukia. Akasema, “Tuliogopa,” akaishia hapo. Mwanasheria akamuuliza mtoto njia ile anaitumia kwa shughuli gani, maana matumizi ndiyo yanayoamua kama ujenzi una manufaa kwa umma. Mtoto akataja shule. Akataja duka. Akataja kwa rafiki yake wa mtaa wa chini. Mwanasheria akauliza kama kuna mengine. Akafikiri kidogo, akasema siku moja alishuka mpaka barabarani.

“Kufuata nini?” akaulizwa.

“Hakuna. Nilikuwa naangalia magari tu. Nilipochoka nikarudi.”

Bibi akafunika uso kwa kanga. Miaka tisa ya yule mtoto, hakuwahi kwenda mahali bila sababu, kwa sababu kila safari ilikuwa mgongo wa mtu. Na sasa alikuwa ametoka tu, kama watoto wa watu wanavyotoka. Mwanasheria aliweka kalamu chini. Mhandisi alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nililia, sifichi, na mlinzi alilia kunishinda.

Mzee wa Kanuni akatoa uamuzi palepale bila kuinuka. Kosa lipo. Ubia haufutwi, ila hautapata ruzuku mpya mwaka mzima, na paa watalijenga kwa nguvu zao. Njia haivunjwi. Mhandisi ataikagua na itaandikwa kuwa mali ya umma, itunzwe na serikali kama barabara nyingine yoyote. Na kuanzia sasa ubia wowote ukiona fungu linahitajika kwingine, uombe, na ofisi ijibu haraka. Kifungu hicho ndicho mnachokitumia nyote leo kila wiki, ninyi vijana mnaodhani kilishuka na mvua.

Bi Mwisho alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akamwamkia. Bibi akamtazama juu mpaka chini. “Marahaba,” akasema. “Hasira yangu nitaimalizia kesho. Leo nina furaha, sina nafasi.”

Msidhani basi Bi Mwisho aliwalegezea. Adhabu ile aliisimamia kwa mkono wake. Mafundi walikuja kuomba huruma kwenye masika, wamelowa chapachapa, akawapa taulo na chai, huruma hakuwapa. Wakajenga paa kwa vyuma chakavu na siku za mapumziko. Siku ya kulikagua alisubiri mvua kubwa, akasimama chini yake mpaka ikakatika, akatoka mkavu, akasaini cheti. Baba Cheche husema cheti kile ndicho kilichompa usingizi maishani mwake. Kamati ya Ruzuku tangu hapo hukaa chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kazi nyingine zake ni nyingi, na wakuu watazitaja kwenye hotuba: masoko, visima, mwongozo wa ukaguzi alioandika, wakaguzi aliowafundisha kwa kuwatembeza mpaka soli zikaisha. Mimi nataka muisikie kazi yake ya mwisho kabisa, iliyopita juzi.

Mwezi uliopita ubia ule wa mlimani uliomba kuongeza njia mpaka upande wa pili wa kilima, ambako kuna nyumba mpya. Maombi aliyaleta katibu wao, mwanamke kijana mwenye kiti chepesi cha kisasa kilichotengenezwa karakanani kwao, vipuli masikioni, simu inalia kila dakika. Ndiye mtoto yule. Bibi yake alifariki miaka michache iliyopita, Mungu amrehemu. Nikadhani tutashuhudia kukumbatiana. Bi Mwisho akamshukia kwenye chumba kile cha chini, akapokea maombi, akavaa miwani, akasoma mwanzo mpaka mwisho, akamrudishia. Mchoro haukuonyesha mtaro wa maji.

Katibu akacheka, akasema Baba Cheche alimwonya. Akaenda, akarudi juzi na mchoro mpya. Bi Mwisho akausoma tena kwa utulivu uleule, akasaini, akagonga muhuri. Ilikuwa saini yake ya mwisho katika utumishi wa umma. Akavua miwani, akamkaribisha chai.

“Siku nyingine, shangazi,” akasema katibu, anageuza kiti tayari. “Nina pahala nakwenda.”

Akatoka. Bi Mwisho akasimama dirishani akamsindikiza kwa macho, kupita maegesho, kupita lango, mpaka akapotelea kwenye watu. Alikuwa anatabasamu peke yake. Nikamuuliza anakwenda wapi yule na haraka zote hizo.

“Sikumuuliza,” akanijibu. “Hiyo si kazi ya serikali.”

Asante, Bi Mwisho, kutoka kwetu sote wa kitengo. Tulijifunza kwako na tulikuogopa kidogo, na kwa hayo mawili tulifanya kazi nzuri kuliko ambavyo tungefanya wenyewe. Mungu akupe afya, akuzidishie furaha nyumbani kwako, na maisha yaliyobaki yawe mema na marefu.